Kipepeo cha Karatasi na Kipepeo cha Ukindu

Upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Mombasa, mahali ambapo bahari huingia nchi kavu na kufanya hori, ndipo ilipo Mbaraki. Mgeni apitaye huko huona kwanza gati na maghala, na malori yaliyopangana yakingoja zamu. Asipouliza aweza kwenda zake bila kuuona mnara wa kale wa mawe ya matumbawe, usimamao kando ya msikiti wa zamani, penye mibuyu. Watu wa Mvita walikuwa wakipeleka hapo ubani na marashi, kila mtu na haja yake. Bahari iko karibu mno, lakini mchana wa kaskazi, jua likiwa utosini, mtu aliye kati ya kuta za maghala yale hatamani kitu kama anavyotamani upepo.

Kaskazi ni msimu wa heri kwa wenye majahazi, maana ndiyo iliyowaleta wageni kutoka Arabuni na Bara Hindi tangu zama za kale. Kwa mtu akaaye nyumbani ni msimu wa jasho. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la kisiwa huwa zito, na ndiyo maana katika nyumba za Mji wa Kale hapakukosekana kipepeo, hata baada ya umeme kuingia na feni kutundikwa darini. Kwa kuwa umeme hukatika, na mkono haukatiki.

Neno lenyewe lina uzuri wake. Mswahili humwita kipepeo yule mdudu mwenye mbawa za rangi arukaye juu ya maua, na huita kipepeo kile chombo cha mkononi cha kujipatia baridi. Yote mawili yatokana na kupepea. Ajabu ni kwamba mbali sana, katika visiwa vya Japani, watu walipokitazama chombo chao cha kazi ile ile hawakumkumbuka mdudu huyo bali popo. Kipepeo cha karatasi cha kukunja waliwahi kukiita kwa jina la popo, kwa sababu kikifunguliwa, mbavu zake hutokeza kama mifupa ya bawa la mnyama yule. Atakaye kuhakikisha na aangalie popo waning'iniao mchana katika mti, mmoja wao anapojinyoosha.

Kipepeo cha pwani hakikunjwi. Hufanywa kwa ukindu, yaani majani machanga ya mkindu, mti wa jamii ya mtende upendao mahali penye majimaji. Ukindu hupasuliwa chane, hukaushwa juani mpaka ukawa mweupe, kisha fungu moja huchemshwa pamoja na rangi: nyekundu, kijani, zambarau, nyeusi. Mkeka hupatikana kwa kusuka ukili mrefu na kuushona ukili kwa ukili. Kipepeo ni kidogo, hivyo mtu asiyejua hudhani ni kazi nyepesi. Sivyo. Katika mkeka mpana kosa la chane moja hupotea; katika kipepeo kosa halina pa kujificha. Kikisha kusukwa hutiwa kijiti cha kushikia, na wengine hushonea ukingo wake kitambaa cha rangi ili usifumuke.

Tena vipepeo hivyo vina daraja zake. Kile cha jikoni, cha miyaa mitupu isiyotiwa rangi, ni mtumishi: hupepea makaa, hurushiwa majivu, na kikiungua ukingo hapana alalamikaye. Kile cha ukindu wa rangi ni mwenyeji: hutolewa mgeni aketipo, humpepea mgonjwa kitandani, na harusini humpepea bibi harusi aliyepambwa ili jasho lisiharibu mapambo yake. Mwanamke mwenye heshima zake hawezi kukichukua cha jikoni akampepea mkwewe.

Wajapani nao walikuwa na vipepeo vya namna mbili. Kimoja ni kipana chenye mpini, kisichokunjwa, nacho asili yake ilitoka bara, upande wa Uchina. Cha pili ni kile cha kukunja, na wataalamu wengi hukubali kuwa hicho ni uvumbuzi wa Wajapani wenyewe, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Cha kwanza kabisa hakikuwa cha karatasi. Kilikuwa vibao vyembamba vya mti wa jamii ya mvinje, vilivyofungwa pamoja upande mmoja na kushikizwa kwa uzi upande wa pili. Inasemekana mwanzo wake ni vibao ambavyo maofisa wa jumba la mfalme waliandikia taratibu za sherehe wasije wakazisahau. Vibao vilipozidi vikafungwa pamoja, na mtu aliyeona joto akajipepea navyo. Karani yeyote aliyepata kujipepea kwa faili mchana wa Februari ataona hadithi hiyo haina ugumu wa kuaminiwa.

Baadaye ikaja karatasi. Mwaka 988 mtawa mmoja Mjapani aitwaye Chonen, ambaye miaka mitano kabla alikuwa amefika Uchina, alipeleka zawadi kwa mfalme wa nchi hiyo, na miongoni mwake mlikuwa na vipepeo vya vibao na vile vya karatasi. Wachina walivipenda, wakajifunza kuvitengeneza. Kisha wakaja Wareno. Mwaka 1571 walianza kupeleka meli za biashara katika bandari ya Nagasaki, na katika karne hiyo vipepeo vya kukunja vikafika Ulaya, ambako wanawake wa mabwana wakubwa walivifanya pambo la mkononi. Ni Wareno hao hao ambao mwaka 1593 walianza kujenga Fort Jesus, mwendo mfupi kutoka Mbaraki. Huko Japani walifukuzwa mwaka 1639. Mombasa walikaa zaidi, hata ngome ilipotekwa na Waarabu wa Omani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696. Hivyo kipepeo cha Japani na mawe ya Fort Jesus vimo katika historia ya safari moja.

Mji uliojulikana kwa kazi hiyo ni Kyoto. Karatasi yake hutokana na maganda ya miti ya jamii ya mforosadi. Huunganishwa tabaka juu ya tabaka, hukatwa umbo la mwezi mchanga mnene, huchorwa, hukunjwa kwa mkunjo uliopimwa, kisha mbavu za mwanzi zilizochongwa nyembamba mno hupenyezwa kati ya tabaka za karatasi. Chini, mahali mbavu zote zikutanapo, hupigwa msumari mdogo, nao ndio unaoshika vyote. Wajapani wana jina la msumari huo, na jina hilo hilo hulitumia kwa kiini cha neno au shauri lolote. Wenyewe husema kipepeo kimoja hupita katika kazi zaidi ya 80, na kila kazi ina mtu wake: mkata mwanzi hachori, na mchoraji hakunji. Kwa msusi wa ukindu jambo hilo ni geni, maana yeye hukata, hupaka rangi, husuka na kushona peke yake, tena mara nyingi huku akitazama chungu motoni.

Matumizi yake nayo si kujipepea tu. Wacheza ngoma huko Japani hukitumia kuonyesha mawimbi au mvua. Msimulizi wa hadithi akikifunga, kwake ni kalamu au kijiti cha kulia chakula. Na mgeni katika karamu ya chai hukiweka mbele ya magoti yake anapoinama kutoa salamu. Kwa kuwa umbo lake huanza jembamba na kuishia pana, huhesabiwa kuwa dalili ya heri na hutolewa zawadi.

Sasa tuje kwenye picha. Watu wa Japani walichora juu ya vipepeo milima, maua, vita, wanawake na wanyama. Katika hekalu la Shitennoji mjini Osaka yamehifadhiwa maandiko ya dini ya karne ya 12 yaliyoandikwa juu ya karatasi za umbo la kipepeo, na chini ya maandiko hayo mna picha za watu wa kawaida katika shughuli zao za kila siku. Mwanzoni mwa karne ya 17 mchoraji mashuhuri Tawaraya Sotatsu alikuwa na duka la vipepeo huko Kyoto. Lakini katika picha zote hizo, zile zimfurahishazo mtazamaji upesi, hata kama hajui neno moja la Kijapani, ni picha za watoto wakicheza.

Mara nyingi watoto hao huvikwa mavazi ya Kichina, maana desturi ya kuwachora ilitoka Uchina, ambako picha ya watoto mia moja ilikuwa dua ya kuomba uzao mwingi. Vichwa vyao vimenyolewa na kuachwa mashungi mawili matatu, na mzee wa Mji wa Kale akiviona atalikumbuka denge. Nao hawakai kimya. Mmoja ana pia, ameizungusha na kuinama akiitazama. Mwingine amepanda fimbo yenye kichwa cha farasi na kukimbia nayo, kama vile mtoto wa pwani apandavyo kuti. Wasichana wawili wanapiga kinyoya kwa vibao, mchezo wa mwaka mpya. Wengine wanasukuma tonge kubwa la theluji, ile iliyo juu ya Kilimanjaro, isipokuwa huko huanguka hata uani mwa nyumba. Mna mchezo ambao mtoto mmoja ni zimwi, mwingine ni mzazi, na wengine wamejipanga nyuma ya mzazi kila mmoja ameshika nguo ya mwenziwe. Zimwi hutaka kumnyakua wa mwisho, na mzazi hutanda mikono kumzuia. Mtoto wa huku akionyeshwa picha hiyo hataambiwa maana yake. Atasema ni mwewe na vifaranga.

Na mna tiara. Wajapani huita tiara kwa neno lisikikalo sawa na jina la pweza, na katika sehemu za Kyoto na Osaka waliita kwa jina la ngisi, kwa sababu ya mikia yake ielekeayo chini. Mvuvi wa Mbaraki hatapingana nao. Tiara ya mtoto wa pwani hutengenezwa kwa chelewa mbili za mnazi zilizofungwa msalaba, karatasi nyepesi, gundi ya uji wa unga, mkia wa kitambaa kikuukuu na uzi wa cherehani ulioombwa au usioombwa. Karatasi ipatikanayo upesi ni gazeti. Na mhariri wa gazeti lolote angefurahi kujua jinsi maneno yake yanavyoweza kupanda juu, maadamu yameshasomwa.

Hapa ndipo penye jambo la kufikiriwa. Mjapani wa leo atakaye kujua watoto wa nchi yake walicheza nini miaka 300 iliyopita hufungua kipepeo, au karatasi za wachoraji waliochora watoto, akaona: pia ilishikwa hivi, uzi ulizungushwa hivi, watoto walisimama hapa na pale. Mtu wa Mombasa hana pa kufungua. Fundi wa pwani, kwa kufuata dini na desturi, hakupenda kufanya sanamu za viumbe. Akachonga maua, minyororo na duara juu ya milango, akasuka pembe na mistari katika ukindu, na kazi yake haina aibu mbele ya kazi ya mtu yeyote duniani. Lakini mtoto hakumwekwa humo. Mchezo wake ulikaa katika kinywa cha bibi yake na katika miguu yake mwenyewe, na kitu kikaacho hapo hakikai zaidi ya watu wenyewe.

Kidogo kilichohifadhiwa kimo katika maneno. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya maneno ya Kiswahili kwa miaka mingi, na kamusi yake ikachapishwa London mwaka 1882. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika desturi za Waswahili, zikachapishwa Ujerumani mwaka 1903. Kamusi ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, inayo maneno tinge, kibe, pia na tiara. Tinge ni mchezo ambao kiongozi hufanya jambo na wenziwe humwiga. Kibe ni wa kujificha na kutafutana. Mtu aweza kulisoma neno katika kamusi asijue mtoto alisimama wapi, nani alianza, na aliyeshindwa alifanywa nini. Mstari mmoja wa kamusi ni kama kipepeo kilichofungwa.

Watu wengi hulaumu televisheni na simu kwa kupotea kwa michezo hiyo. Lawama hiyo ina ukweli, lakini si yote. Tiara haiwezi kupanda mahali palipojaa nyaya za umeme. Pia haizunguki juu ya barabara ipitiwayo na lori kila dakika, wala mtoto hafungwi kitambaa machoni karibu na geti la ghala. Mbaraki na sehemu nyingine za kisiwa zilizo karibu na bandari zimejengwa kwa ajili ya shehena, na mji wote umeneemeka kwa shehena hiyo. Lakini hapana aliyeuliza watoto wa wachukuzi na makarani watachezea wapi. Ufuko wa Mama Ngina, ulio karibu, ulitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, na mtu akienda huko jioni ya Jumapili ataona jinsi kiwanja kilivyokuwa na haja: watoto hujaa mpaka magharibi, kati ya mibuyu na bahari.

Si kwamba Mombasa na Japani hazijuani. Meli za kampuni ya Osaka Shosen Kaisha zilianza safari za kawaida za Afrika Mashariki mwaka 1926, na katika miaka ya 1930 nguo za pamba na viatu vya mpira kutoka Japani vilijaa madukani, kwa kuwa mapatano ya mataifa hayakuruhusu kutoza bidhaa za nchi moja ushuru uliozidi wa nchi nyingine. Mwaka 1942, wakati wa vita, manowari za Waingereza zilihamia Kilindini, na katika shule ya Allidina Visram wataalamu wao walikaa wakisikiliza simu za upepo za Wajapani na kufumbua maandishi yao ya siri. Vita vilikwisha, biashara ikarudi. Leo Mjapani hujulikana bandarini kwa magari yaliyokwisha kutumika yashushwayo kwa wingi, na kwa mkopo uliojenga kituo cha pili cha makontena, ambacho sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2016.

Lakini biashara iliyo karibu zaidi na habari hii ni ya leso. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na tena tangu miaka ya 1950, leso nyingi zilizouzwa katika Biashara Street zilichapwa Japani. Mchoro na jina vilitoka Mombasa. Mikono iliyopaka rangi ilikuwa ya watu ambao hawakupata kuiona pwani. Kwa hiyo wachoraji wa Japani waliwahi kuchora kwa ajili ya wanawake wa Mvita: korosho, maua, jogoo, na maneno ambayo huenda hawakuyafahamu, na wanawake wakavaa bila kuona ugeni. Basi picha imekwisha kuingia nyumbani kwa njia ya leso, na hapana aliyeona vibaya.

Je, yaweza kuingia kwa njia ya ukindu? Wako wasusi wawezao kusuka herufi, wakaandika neno la kumkaribisha mgeni katikati ya kipepeo kwa chane nyeusi juu ya nyeupe. Awezaye kusuka herufi aweza kusuka tiara, maana tiara ni pembe nne na mkia. Pia nayo ni pembe tatu iliyopinduliwa. Mtoto mwenyewe si lazima awemo. Chombo chake chatosha kumtaja, na desturi ya fundi haivunjwi. Tena kipepeo chenye jambo la kuelezwa humpa mwenyewe la kumwambia mteja, na watalii waingiao Fort Jesus hununua zaidi kile walichoambiwa habari zake. Kazi ya ukindu malipo yake ni madogo kwa muda unaotumika, na binti aonaye mama yake akiinamia chane siku nzima kwa bei ya mkate na sukari hana sababu kubwa ya kujifunza.

Wa kuandika nao hawahitaji rangi wala ukindu. Kila wilaya ina karani, mwalimu au mkulima ajuaye kusoma, na kila nyumba ina mtu mzima aliyecheza. Wa kuanzia ni mdako, kwa kuwa wachezaji wake wa zamani, walio wengi ni wanawake, bado wanaukumbuka mchezo huo, na kwa kuwa Wajapani wanao wa namna yake, ambao zamani ulichezwa kwa mawe na baadaye kwa vifuko vidogo vilivyotiwa maharagwe.

Mdako huchezwa hivi. Huchimbwa kishimo kidogo mchangani, kiasi cha kiganja. Ndani hutiwa kokoto au komwe, kumi au zaidi, na mchezaji hubaki na moja mkononi. Huirusha juu, kabla haijashuka huzikumba za shimoni kwa mkono ule ule akazitoa nje, kisha hudaka ile iliyo juu. Huirusha mara ya pili, na sasa huzirudisha zote shimoni isipokuwa moja, ambayo ni yake. Zikiisha kwa namna hiyo, huanza tena, na safari hii huacha nje mbili mbili, kisha tatu tatu, na kuendelea. Akishindwa kudaka, au akirudisha idadi isiyo sawa, hupisha mwenziwe. Na zamu yake ikirudi huanzia pale alipokosea, si mwanzo.